Kichakataji Chepesi

Siku hizi mtu akipata kiharusi hufungwa kichakataji kichwani, kifaa cha kufikiri badala ya ubongo ulioharibika, na mwenzi wake ndiye huchagua aina. Ziko mbili tu. Kile kizito kina amri nyingi zilizokwisha kupangwa ndani: mtu hucheka, hutania, huimba. Lakini kinakula umeme na kinachemka, ndiyo maana jirani yangu Mzee Kipande, aliyefungwa hicho, huzimika kila mchana huku mkewe akimpepea. Chepesi kina amri chache, fupi fupi, na hakichemki. Jambo lolote kubwa, mgonjwa hulijenga mwenyewe kwa kuunga hizo chache.

Mume wangu Shekiondo nilimchagulia chepesi. Kwetu umeme ni wa mgawo, na mume wa nusu siku sikumtaka.

Zamani akionja chai yangu alisema, "Mwantumu, leo umenipa maji ya kuoshea sufuria," kisha akaomba kikombe cha pili. Sasa anainua, anaonja, anameza.

"Chai ni ya moto," anasema. "Ina sukari."

"Kunywa," namwambia. "Futa mdomo. Simama."

Nikimpa amri moja moja anaelewa upesi. Nimezoea.

Jana binti yetu Mwanahija alipiga simu.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Na baba?"

"Amekula. Amelala."



"Mama," akasema, "na wewe wamekufunga kichakataji lini?"

Nilitaka kumcheka. Nikafungua mdomo, nikasubiri amri.