Kitenge Bila Ryppy

Jebet alikuwa ameshika pasi ya moto, lakini mdomo wake ulikuwa bado uko Ufini.

"Wao wana neno, ryppy," alimwambia Marie-Jeanne, mwenye nyumba wake hapo Queensburgh. "Kunyanzi la usoni, ryppy. Mkunjo wa nguo, ryppy. Hata wapenzi wakinuniana, husema penzi limeingia ryppy."

"Eish, Dokta. Neno moja na kazi yote hiyo, halilalamiki?"

Jebet alisoma huko miaka miwili, na tangu arudi hakuna chai iliyonyweka bila Ufini kukaribishwa mezani.

Leo Marie-Jeanne alikuwa anamwoza mwanawe, Hardy. Shangazi za bibi harusi walikuwa njiani kutoka Isipingo, wauza vitenge wale, wanaompima mama mkwe kwa upya wa kitenge chake kabla hajafungua mdomo. Wakimdharau yeye, Hardy atadharauliwa mpaka azeeke.

"Kitendawili, Dokta."

"Tega."

"Kikiwa kichanga kina makunyanzi, kikizeeka kina uso laini."

Jebet akacheka. "Hakipo. Kila kitu huzeeka kwa kujikunja."

"Basi nipe mji."

"Chukua Helsinki."

"Ile ya baridi? Bakia nayo." Marie-Jeanne akaenda zake kuoga.

Jebet alimaliza blauzi yake. Pale kitandani kulikuwa na kitenge cha Marie-Jeanne, cha kujifunga juu ya gauni, kile alichokilalia chini ya godoro wiki nzima kama mtu anayeficha pasipoti. Jebet akakifungua, roho ikamuuma. Mistari ya mikunjo mitupu, miraba juu ya miraba. Mama wa watu, aliyempokea kama ndugu, aingie kanisani hivi?

Akanyunyiza maji, akaongeza moto, akakipiga pasi mpaka kikatulia kama maji ya bakuli.

Marie-Jeanne akatoka bafuni, taulo kichwani. Jebet akamwinulia kitenge kwa mikono miwili.

"Mama Hardy, tazama. Hakuna ryppy hata moja."

Marie-Jeanne akakaa kitandani polepole. Binti yake Lyse akachungulia mlangoni, pini mkononi.

"Mama, ile mikunjo ya dukani tulitengeneza wiki nzima iko wapi? Sasa wale shangazi watajua ni kile ulivaa kwa harusi ya Peguy."