Mpira ni wa Barabarani

Bibi harusi hatakiwi kusema neno. Lakini Chola, akiwa mkekani, kafunikwa kitenge gubigubi, alimvuta kungwi wake nguo.

"Mama Kasonde," alinong'ona, "mimi na Kabaso hatujapima. Nimwambie tutumie mpira mpaka tukapime?"

Ngoma zilikuwa zimepumzika, kwa hiyo shangazi aliyekaa karibu alisikia, na alichosikia shangazi kilifika kicheni pati nzima. Wanawake wa Ndola wakaangua kicheko.

"Kapime unga, mwanangu."

"Ukimdai mume mpira, umemwita mhuni. Au umejiita wewe."

"Mpira ni wa barabarani. Nyumbani kuna mume. Si ndivyo, Mama Kasonde?"

Ndivyo. Maneno hayo yalikuwa yake. Alikuwa amewafunda nayo mabinti wa mtaa mzima, hata baadhi ya hao waliokuwa wakicheka. Lakini wiki iliyopita nesi wa kliniki alifunga mlango, akamwambia ana virusi, akampa vidonge, akamtaka amlete mwenzake naye apimwe. Mama Kasonde hakumleta mtu.

Akamtazama binti chini ya kitenge. Alimjua tangu ananyonya.

"Mkapime," alisema. "Usimkubali bila kupima, mwanangu."

Mama yake Chola akaweka chini sufuria ya zawadi, akamsogelea taratibu, kwa huruma ya shoga wa siku nyingi.

"Shoga, tunajua yanayokusibu. Bwana wako ni dereva wa malori, kila mpakani ana jiko. Lakini usimtwishe mwanangu mambo ya nyumba yako. Kabaso ni mwalimu wa kwaya. Pombe hanywi, safari hana."

Wengine wakaitikia kwa vichwa. Walimwonea huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko kicheko. Angewajibu nini? Kwamba huyo dereva wanayemsema, tangu mtoto wao wa mwisho azaliwe, hajamgusa bila mpira, na kwamba mwenye kuununua ni huyohuyo bwana? Angesema hilo, wangeuliza linalofuata.

"Endelea kumfunda," mama yake Chola alimwambia. "Mfunde kama ulivyotufunda sisi."

Ngoma zikaanza tena, naye akamfunda. Alimfundisha kumpokea mume, kumwogesha, kutomnyima. Sauti ilimtetemeka, wakadhani ni uchungu wa mke wa dereva.

Jua lilipoinama, bwana harusi aliingia na maua yake, kama ilivyo desturi, vigelegele vikampokea. Akamfunua Chola, akampa maua. Kisha akaja kupiga magoti mbele ya kungwi, akapiga makofi ya heshima.

"Asante kwa kunifundia mke, mama," alisema, kila mtu akasikia.

Halafu akainamisha kichwa karibu na magoti ya Mama Kasonde, sauti chini ya ngoma.

"Alhamisi nilikusubiri kulekule, mpenzi. Mbona hukuja?"