Nyuki wa Dari ya Jerusa

Kichwa cha Johana kilikuwa tayari ndani ya dari, miguu ingali kwenye ngazi, alipomsikia Gordon, jirani wa duka, akicheka huko chini.

"Mtaalamu! Hii nyuki zako ziko na kitambulisho ya hii ploti ama namna gani?"

Johana akajivuta juu zaidi. Ilikuwa mara ya nne anakuja kutoa nyuki katika dari ileile, juu ya duka la kushonea nguo la Jerusa, na mji mzima wa Silibwet ulikuwa na habari. Wanawake wa sokoni walishaanza kumuuliza kama akitoa nyuki huwa anawaachia nauli ya kurudi.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka huo wa tisini na saba alirudi kutoka semina ya wiki moja Kericho akiwa na cheti, na kabla wino haujakauka akajichorea kibao: MTAALAMU WA NYUKI. ANAHAMISHA, HAUI. Mavazi yake ya kazi yalikuwa aproni ya plastiki ya kuchumia chai, gambuti, na kofia aliyoishonea kipande cha neti ya mbu. Moshi wake ulikuwa wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, akanuka hivyo hata kanisani. Yeye alijiona daktari. Mbwa walimwona vingine.

Jerusa, mjane aliyeshona sare za shule na aliyeitwa Mama Fancy, hakuwahi kumcheka. Siku ile ya kwanza alimsikiliza kama anayesikiliza mahubiri, kisha akauliza swali moja tu: nyuki hujuaje nyumba ya kuingia?

Johana akatunisha kifua. "Ni nta, Mama Fancy. Harufu ya nta. Ukiacha kidogo tu kama ukucha, kundi lingine likipita linasema hapa ni kwetu. Ndio maana mimi nakwangua kila kitu, naosha na sabuni, halafu naziba shimo na udongo."

Akafanya hivyohivyo. Akakata masega, akamtafuta malkia, akawahamishia wote kwenye sanduku na kuwapeleka kwenye mizinga yake kando ya shamba la chai. Baadaye akamletea Jerusa asali ikiwa na masega yake. Wanaume wengine hupeleka zawadi kwenye chupa safi, yeye akaipeleka kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo uliobonyea ubavuni. Jerusa alishukuru, akasema nta ataitumia kupaka uzi wake.

Mwezi haukuisha, nyuki wakarudi. Akawatoa. Wakarudi tena, akawatoa, wakarudi mara ya tatu. Kila mara alikuta udongo wake umebanduka. Alilaumu panya, kisha akalaumu udongo wa Silibwet, na mwishowe akajilaumu mwenyewe. Huenda siku ya somo la malkia alisinzia.

Sasa mwenye ploti ya maduka hayo alikuwa amechoka. Wakirudi tena baada ya leo, alisema, Gordon apige dawa. Gordon aliuza dawa za kupe na za mimea katika duka la jirani, na asubuhi hiyo alishasimama mlangoni na pampu mgongoni, ingawa hakuna aliyemwita. Johana aliumia sana. Kundi zima lingekufa kwa sababu yake, na kibao chake kingebaki cha kuwashia moto.

"Toka na hiyo pampu, Gordon," Jerusa alikuwa amesema, macho yake kwenye cherehani. "Hawa si kupe. Na wewe Mtaalamu, usiharakishe. Chai iko."

Chai ilikuwa mezani, vikombe viwili, kama kawaida. Utando wa buibui ulikuwa umenasa kwenye kitambaa cha kichwa cha Jerusa. Johana alitamani kumtolea, lakini ile mikono isiyoogopa nyuki ikagoma kabisa. Akapanda ngazi haraka.

Huko juu alifanya kazi kwa utulivu mpaka kundi lote likaingia sandukuni. Kisha akamulika tochi kwenye lile shimo. Udongo wake haukuwa umeanguka. Ulikuwa umebanduliwa vipandevipande na kupangwa vizuri juu ya boriti.

Panya hapangi udongo. Moyo wa Johana ukaruka kwa furaha. Kumbe hakusinzia! Kuna mtu aliyekuwa akimharibia kazi, na ni nani anayefaidika nyuki wakirudi, kama si muuza dawa?

Akatambaa kwa tumbo, akajigonga utosi kwenye msumari, akaendelea. Nyuma ya boriti ya mwisho mkono wake ukagusa mkebe. Ulikuwa umejaa nta, na nyingine ilikuwa imepakwa kwenye mbao zote za karibu. Akauvuta kwenye mwanga, mdomo wazi, tayari kulitangaza jina la Gordon mpaka lisikike Bomet mjini.

Ulikuwa mkebe uleule wa Kimbo, umebonyea ubavuni.

Johana alibaki amelala palepale kwenye vumbi, mdomo bado wazi. Huko chini cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Mtaalamu," Jerusa akaita, sauti yake ndogo kuliko siku zote, "umeona kitu inawarudisha?"

Gordon akaitikisa pampu yake.

Johana akausukuma mkebe ndani ya aproni. "Nimeona, Mama Fancy. Hawarudi tena." Akashika ngazi. "Lakini hicho kikombe changu usitoe. Jumapili nakuja bila moshi."