Rede kwenye Foleni ya Sukari

Foleni ya sukari pale Nyasho ilikuwa haijasogea tangu asubuhi, basi akina mama wakaacha mawe yawashikie nafasi, wakaanza kucheza rede kwa mpira wa matambara, wawili wakirusha, wa katikati wakikwepa na kujaza chupa mchanga bila kuguswa.

Dorotea, mama wa watoto sita, alibaki peke yake katikati. Alikwepa, akainama, akajaza mchanga kwenye chupa kwa kiganja, akakwepa tena, kitenge kimepanda hadi magotini.

Ghafla mlango wa duka ukafunguliwa. Wenzake wakakimbilia mawe yao.

“Sukari imefika, Dorotea,” alisema jirani yake aliyeshika mpira. “Twende, tutakosa.”

Dorotea alitazama chupa. Mchanga ulikuwa umefika shingoni.

“Nikiwa msichana sikuwaga naguswa,” akasema, akihema huku akicheka. “Rusha.”

Jirani akautazama mlango. Kisha akarudi nyuma, akarusha.