Nuksi ya Profesa Quizhpe

Saa moja asubuhi Profesa Leonidas Quizhpe aliingia chumba cha dharura, na kabla hajavua koti wauguzi wawili wakaanza kumchapa kwa majani ya ruda, mmea wa kufukuzia mikosi.

"Geuka, daktari wangu," alisema mmoja. "Nuksi hukaa mgongoni."

Akageuka. Alikuwa mkuu wa kitivo cha tiba, na katika mji mzima wa Cuenca hakuna aliyepanda vyeo upesi kama yeye. Hakuomba hata kimoja.

Tangu ujana wake, kila zamu aliyoingia ilifurika. Leo basi limepinduka, kesho harusi nzima imekula nguruwe aliyeharibika. Muuguzi mkuu Rosaura Tenesaca, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kukosa kazi hata kwa mafua, ndiye aliyegundua kwamba Leonidas ana nuksi. Akashauri apewe uhadhiri, atoke wodini.

Akapewa. Wagonjwa wakazidi kufurika. Rosaura akasema darasa lake liko juu ya wodi, nuksi inavuja. Wakamfanya profesa, mwenye ofisi ng'ambo ya uwanja. Wagonjwa hawakupungua. Wakamfanya mkuu wa kitivo, ng'ambo ya mto. Leonidas akafundisha nusu ya madaktari wa dharura nchini, akaandika vitabu vitatu, na kila alipopiga magoti alimwomba Mungu amrudishie mgonjwa mmoja tu wa kumshika mkono.

Sasa baraza la kitivo lilikuwa na cheo kipya kwa ajili yake: kuanzisha chuo visiwani, kilomita elfu moja baharini. Akakataa kutia sahihi mpaka apewe zamu moja, ya mchana. Ikitulia, arudi kutibu hadi astaafu. Ikifurika, apande ndege. Rosaura alisema hana moyo wa kutazama maafa hayo, akaomba ruhusa aende kwenye ubatizo wa mjukuu wake.

Zamu hiyo ndiyo iliyoanza kwa majani ya ruda. Saa mbili akaja bibi mwenye mwiba kidoleni. Leonidas aliutoa kwa dakika arobaini, akimuuliza habari za kuku wake mmoja mmoja, machozi yakimlengalenga.

Saa sita, hakuna mtu. Madaktari wakala chakula wameketi. Wengine hawakujua kwamba chumba kile kina viti. Saa kumi dereva wa gari la wagonjwa akaja kuuliza kama wamehama.

"Profe, mbona hivi?" daktari wa zamu alinong'ona. "Mimi naogopa."

"Usiseme kitu," alijibu Leonidas. "We omba tu."

Saa kumi na mbili na nusu mlango ukafunguliwa. Rosaura akachungulia, amevaa gauni la ubatizo, ameshika sahani ya keki.

"Nimekuja kuwasaidia kuhesabu majeruhi," alisema. "Haya, wako wapi?"

Hata hajaketi, simu ikalia. Lori la ng'ombe limeparamia bendi ya tarumbeta. Ikalia ya pili. Ikalia ya tatu.

Leonidas alikwishavaa glovu, anakimbilia mlangoni. Wengine wote walibaki wamemkodolea macho Rosaura.

Jumatatu baraza la kitivo lilikutana kwa dakika nne, na kwa kauli moja likampandisha Rosaura cheo: profesa, visiwani, kuanzia kesho yake.