Betri Aliyoahidiwa Bi Kidawa

Kigari cha gofu kilizimika mlangoni kwa Maimuna, fundi betri. Akashuka mhesabu nyumba, ambaye hakutarajiwa hadi kesho.

"Fundi, betri imekufa. Nibadilishie upesi. Jua likizama naanza kuhesabu."

Nyumba isiyo na taa huandikwa haina mtu, na waliomo hawaonekani tena. Dukani Maimuna alibakiwa na betri moja, aliyomwahidi jirani yake, Bi Kidawa. Mhesabu aliichukua hiyo.

Alipoondoka, Maimuna alifungua nyaya za betri ya nyumbani kwake, akaibeba kwa jirani.

"Fundi wa kesho kesho, leo umekuja!" Bi Kidawa alicheka. "Na kwako, mwanangu?"

"Kwangu ipo, bibi," alijibu, akikaza nati.

Taa ikawaka. Nje, kigari kilisimama mbele ya nyumba ya Maimuna.