Riziki ya Usiku

Magharibi ilishapita Salha aliporudi kutoka kazini na kuiwasha mashine yake mpya ya kufyonza vumbi, ile isiyo na waya.

"Mwanangu, usiku hakufagiliwi," mama mkwe wake, Bi Kibibi, alimkumbusha. "Utaitoa riziki nje."

"Haitoki, mama. Inabaki tumboni mwa mashine."

Bi Kibibi akacheka, akainua miguu ili mashine ipite. Ilipofika katikati ya zulia ikazimika. Chaji ilikwisha.

"Ufagio wangu haujawahi kuishiwa chaji," alisema Bi Kibibi.

Salha akaibeba mashine kwenda kumwaga vumbi. Bi Kibibi akaruka kutoka kitini, akamnyang'anya.

"Mpaka kuche!"

Akaenda nayo chumbani kwake, akaichaji kando ya mto, akajilaza akiitazama taa yake ya kijani ikipepesa.